Maktaba na Masomo ya Lugha Viunganishwe

Mgeni atakaye kujifunza Kiswahili siku hizi halazimiki kusafiri hadi Unguja. Hufungua somo lake katika intaneti, na mara nyingi somo hilo huwa limewekwa katika programu kama Moodle, iliyotolewa Australia mwaka 2002 na isiyodai malipo ya leseni. Jambo hili si baya hata kidogo. Lakini mwanafunzi huyo akishamaliza salamu na ngeli za majina, asome nini?

Vya kusoma vipo. Miswada ya tenzi na mashairi yetu, iliyokusanywa na akina William Taylor na William Hichens, imo katika maktaba ya SOAS, London, na baadhi yake imekwisha kupigwa picha na kuwekwa katika maktaba ya kidijitali. Nyaraka zetu wenyewe ziko Kilimani. Tena tangu mwaka 2010 upo utaratibu wa kiufundi, uitwao LTI, unaoiwezesha programu ya masomo kumfikisha mwanafunzi katika hazina ya nje bila ya kumtaka ajitambulishe upya.

Kazi iliyobaki ndiyo ambayo wataalamu wa mitambo huipuuza. Picha ya mswada si maandishi. Kompyuta haiwezi kuitafutia neno. Katika khati za Kiarabu walizotumia wazee wetu, herufi moja ya bee iliweza kubeba b, p na mb, na irabu zetu tano zikabebwa na alama tatu. Basi “pata”, “bata” na “mbata” huweza kuandikwa sawasawa. Atakayezipambanua ni mtu aliyeketi chuoni mbele ya mwalimu wake na ambaye lugha ya kale haimpigi chenga. Watu hao tunao mashamba na mjini, na wengi wao ni wazee.

Kwa hiyo tunawataka wahusika wa elimu Visiwani, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar ambacho hufundisha wageni Kiswahili, wawaajiri wasomaji hao kwa ujira wa haki, si kwa kuwapa vyeti vya shukrani. Na wanapofanya mapatano na maktaba za ng’ambo, washike sharti moja: nakala kamili ya kila mswada iwekwe Kilimani, mwanafunzi wa Wete aisome bila ya kulipia.