Wakili aliyewahi kuwa mhasibu: anakifaa kikundi chenu?

Wapo mawakili walioanza sheria ukubwani, baada ya miaka mingi ya ualimu au uhasibu. Nao, kama wengine, hupita Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo kabla ya kuapishwa. Kwa VICOBA na asasi ndogo, tunaona hawa wanafaa sana. Shida zetu huanzia kwenye karatasi: katiba haisemi nani atasaini benki, mweka hazina anafariki, fedha zinakwama. Aliyezoea vitabu vya hesabu huliona pengo hilo mapema.

Na sheria zimebana. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka vikundi vya kukopeshana visajiliwe. Mwaka 2019, asasi zilizosajiliwa kama kampuni huku zikifanya kazi za NGO zikatakiwa kuhamia kwa Msajili wa NGO.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imemlenga asiyeweza kumlipa wakili. Kikundi chenye akiba kidogo hubaki katikati, na hapo ndipo vishoka huingia.

Kabla ya kulipa, msikilizaji, tafuta jina lake kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama, uone kama leseni yake ya mwaka huu iko hai. Ada mpatane kwa maandishi. Risiti mdai.