Ndai ya stima? Cheki breki kwanza

Wanaotuuzia magari ya umeme wanasema hayahitaji fundi. Zii! Mara nyingi mota ndiyo hupunguza mwendo, kwa hivyo pedi na diski zinashika kutu na dereva hana habari. Chaji betri ijae ukiwa Limuru, kisha ushuke Mai Mahiu: betri iliyojaa haipokei umeme zaidi, mota haikusaidii sana, umebaki na breki tu. Hapo ndipo utajua pedali inazama.

Kuongeza mafuta ya breki na kwenda zako si dawa. Pedali ikiwa laini kama sponji, huenda kuna hewa kwenye paipu. Ikishuka polepole ukiwa umeikanyaga, tafuta panapovuja, ama silinda kuu imechoka. Ikiwa ngumu, shuku busta. Nayo ni ya umeme, lazima isomwe kwa mashine. Fundi asiye na mashine hiyo simpi funguo, hata awe binamu yangu.