Farasi, Punda na Mlima: Majibu kwa Maneno ya Barazani

Maneno yanayosemwa hapa Mjini Unguja kuhusu safari ya mlimani kwa mnyama ni mengi, na baadhi yake yanaweza kumuua mnyama huyo. Vijana wanapanga kuvuka bara wakati wa kipupwe, walale kwenye mahema Usambara, nyanda za juu za Ngorongoro au mashamba ya Kilimanjaro Magharibi, wakiwa na farasi wa kupanda au punda wa mizigo. Nia ni njema. Tabu ni ushauri wanaopewa, kuanzia Jaws Corner mpaka Kikwajuni, na watu ambao wengi wao hawajapata kumkagua punda mgongo. Nimeona niyajibu maneno hayo, moja baada ya jingine.

La kwanza ni hili: mlima si mambo ya watu wa Unguja. Ni kweli kwamba kisiwa chetu ni tambarare. Masingini, mahali petu pa juu kabisa, hapafiki hata mita 150. Lakini katika karne ya 19 safari nyingi za kwenda kwenye milima mikubwa ya Afrika Mashariki zilifungwa hapa hapa: vitambaa, shanga, waya wa shaba, kamba, mahema na watu. Baron von der Decken, aliyejaribu kupanda Kilimanjaro 1861 na tena 1862, alianzia Unguja. Hans Meyer, aliyefika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alikusanya wapagazi Unguja kabla ya kwenda Mombasa. Na wale wawili walipokuwa wakihangaika na barafu, aliyebaki kulinda kambi yao ya juu, zaidi ya mita 4,000, alikuwa Mwini Amani, mtu wa Pangani. Miaka 41 kabla yao, mmishonari Rebmann alipoiona theluji ya Kilimanjaro, kiongozi wa msafara wake alikuwa Bwana Kheri, mtu wa pwani. Wengi waliobeba mizigo ya misafara ile hawakujichagulia kazi. Walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, na hilo lisisahauliwe. Ila ujuzi wa kufunga mzigo, kuchagua kambi na kupima maji njiani ulikuwa wao.

La pili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Linasema: farasi ndiye mnyama wa safari, kwa hiyo nunua farasi Unguja, mzoeshe ufukweni, halafu mvushe kwa meli.

Jambo hili lilishajaribiwa. Stanley alifika Unguja Januari 1871 na kutoka Bagamoyo miezi michache baadaye akiwa na farasi wawili, mmojawapo zawadi ya Sayyid Barghash, pamoja na punda 27. Farasi wote wawili walikufa wakiwa bado karibu na pwani. Alipompasua mmoja akakuta tumbo limejaa minyoo. Punda wake wengi nao hawakufika mbali. Miaka 5 kabla yake Livingstone, aliyekuwa amekaa katika ile nyumba ya kaskazini ya Mji Mkongwe aliyoazimwa na Sultani Majid, alikwenda mto Ruvuma na ngamia, nyati wa kufugwa kutoka Bombay, baghala na punda, akitaka kujua kama wanaweza kuhimili mbung'o. Waliangamia. Livingstone aliandika kwa uchungu kwamba mbung'o hakuwa peke yake: wanyama walizidishiwa mizigo, walipigwa, na vidonda vyao havikutunzwa.

Msomaji ataniambia kwamba hayo ni ya zamani, siku hizi kuna madaktari wa mifugo. Wapo. Lakini mnyama wa Unguja yuko katika hali ya peke yake. Mbung'o waliokuwa wakitesa ng'ombe wetu, hasa upande wa Jozani, walimalizwa katika miaka ya 1990. Madume waliohasiwa kwa mionzi walizalishwa Tanga na kumwagwa kwa ndege juu ya kisiwa. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996, na 1997 Unguja ikatangazwa kuwa safi. Ni moja ya kazi kubwa zilizopata kufanywa kwa ajili ya mifugo Afrika nzima, na haizungumzwi vya kutosha. Kwa mpanga safari, maana yake ni kwamba farasi au punda aliyezaliwa hapa baada ya hapo hajapata kuumwa na mdudu huyo. Mlimani penyewe atakuwa salama, maana mbung'o hapendi baridi ya juu. Hatari iko njiani, kwenye mapori ya chini ambayo lori litayapita.

Tena kuna tauni ya farasi, inayoenezwa na usubi wakati wa magharibi na usiku. Huua farasi wengi sana wasiochanjwa, hata tisa katika kumi, ilhali pundamilia huibeba bila kuonekana wagonjwa. Anayekwambia umchukue farasi wa ufukweni ukalale naye nje karibu na pundamilia hajui anachokisema. Farasi wa safari za mlimani wapo bara, kwenye mashamba ya Kilimanjaro Magharibi na pembezoni mwa Arusha. Wamechanjwa, wamezoea mawe na baridi, na wana wenyewe wanaowajua. Kodi huko, wa Unguja mwache Unguja.

Kutoka hapo baraza huhamia kwa punda: basi chukueni punda, punda ni mvumilivu, hahitaji kitu. Neno hili limewatesa wanyama wengi kuliko mbung'o. Punda huonekana mvumilivu kwa sababu huficha maumivu. Farasi akiumia atapiga mateke na kugoma kula. Punda atasimama, atashusha masikio, na mwenye haraka atasema amechoka kidogo tu. Sisi tunaoishi na magari ya punda ya kubebea mchanga na kuni tungepaswa kuwa wa kwanza kulijua hili.

Tuhesabu. Punda wa Afrika Mashariki ni mdogo, wengi wana kilo 120 hadi 160. Kwa mwendo wa siku nzima wa kupanda na kushuka, mzigo usizidi theluthi ya uzito wake, yaani kilo 40 hadi 50, na humo umo uzito wa shogi lenyewe, yaani tandiko la kubebea mzigo. Hema la watu wawili, mablanketi, sufuria, mchele, unga na madumu ya maji ya watu wanne vinazidi hapo upesi. Kwa hiyo ama mtaongeza punda, ama mtapunguza vitu. Hakuna njia ya tatu. Kwenye njia za Kilimanjaro, ambako mizigo hubebwa na wapagazi, mzigo wa mtu mmoja umewekewa kikomo cha kilo 20 na hupimwa getini. Punda hana geti la kumpimia. Chukueni mizani ya kuning'iniza, ile ya sokoni, mpime pande mbili za shogi kila asubuhi ili zilingane. Upande mmoja ukizidi hata kilo tatu, shogi litavutika siku nzima, na ngozi ya mgongo itachubuka kabla ya adhuhuri.

Shogi lenyewe ndiyo roho ya maandalizi. Stanley hakupata hapa matandiko ya mizigo, akatengeneza ya kwake kwa turubai na kamba kabla ya kuondoka. Kinachotakiwa ni hiki: uzito ukae pande mbili za uti wa mgongo, usikae juu ya mfupa. Chini yake pawe na blanketi nene lililokunjwa bila mikunjo, kavu, lisilo na mchanga wala miba. Kila mnaposimama, ingiza mkono chini ya tandiko. Ukikuta pamelowa jasho sawasawa, vizuri. Ukikuta mahali pakavu katikati ya jasho, hapo pamebanwa, na kesho patakuwa kidonda.

Halafu mvua. Manyoya ya punda hayazuii maji kama ya farasi. Hulowa hadi kwenye ngozi. Nyanda za Ngorongoro zina ukungu na manyunyu hata wakati wa kiangazi. Turubai la punda si anasa, liwekwe kwenye orodha kabla ya turubai la jiko.

Neno la baridi nitalijibu kwa hesabu fupi, maana wapo wanaosema baridi ya huko ni kipupwe kilichozidi kidogo. Joto hupungua kwa wastani wa digrii 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Usiku wa Julai hapa Mjini huwa karibu digrii 22. Lushoto, mita 1,400, toa 8. Ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, mita 2,300, toa 14, na usiku wa anga safi hushuka zaidi ya hapo. Kikoi na shuka havitoshi. Nguo ya pamba ikilowa jasho hukaa na baridi mwilini. Sufu ni bora. Na kinachomtoa mtu joto usiku ni ardhi kuliko upepo, kwa hiyo godoro jembamba la kambi au mikeka miwili chini ya mwili ina thamani kuliko blanketi la tatu juu.

Wanaosema kwamba kijana anayecheza mpira kila jioni hapati maradhi ya mlima wanakosea. Maradhi hayo hayaangalii misuli. Ukivuka mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaja, usipande tena. Vikizidi, shuka, hata kama ni usiku.

Wazee wengine huwazuia watoto wao kwa kusema sala itawapotea huko. Naiheshimu hofu hii, na ina majibu mepesi. Makka iko karibu kaskazini kamili kwetu, na ukiwa Usambara au Ngorongoro bado ni kaskazini, ikiegemea mashariki kidogo tu. Dira ndogo inatosha. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya sala. Na kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, aliyevaa khofu, yaani soksi za ngozi, akiwa na udhu anaweza kupaka maji juu yake siku tatu na nyusiku zake akiwa safarini. Kwenye alfajiri ya digrii 5 hiyo ni rehema kubwa. Mwulizeni sheikh wenu masharti yake kabla ya kupanda meli.

Kuhusu neno kwamba wasichana wasipande, nitasema machache. Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Unguja, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886, alieleza jinsi watoto wa kike wa kasri walivyofundishwa kupanda wanyama tangu wadogo, Mtoni, zaidi ya karne moja na nusu iliyopita. Anayeona ni jambo geni Unguja, ugeni ni wake.

Limebaki neno la mwisho, na ndilo linalosemwa na watu wema: mwenye punda anamjua punda wake, sisi kazi yetu kulipa. Mwenye punda anamjua, sikatai. Wamasai wa Nainokanoka na Bulati wanaowapeleka wageni kreta ya Empakaai wana ujuzi ambao hatutaupata kwa maisha yetu yote. Lakini yeye pia ana ada za skuli za kulipa, na mteja akija na mzigo wa kilo 80 na fedha mkononi, kukataa ni vigumu. Mwenye uwezo wa kukataa ni wewe unayelipa. Fika siku moja kabla. Omba matandiko yavuliwe, pitisha kiganja mgongoni, kwenye mbavu na chini ya mkia, inua kwato moja moja, mtazame akitembea bila mzigo. Ukikuta kidonda, mwombe mwenyewe akubadilishie. Kama hana mwingine, mlipe siku yake, muache punda apumzike, mbebe wenyewe mnachoweza na kingine mkiache kijijini.