Jina Lisilokuwamo Katika Shajara

Barazani kwa ami yangu, hapa Maskati, imetundikwa shajara ya nasaba yetu. Inaanza na babu aliyevuka bahari kwa jahazi akashika shamba la mikarafuu Unguja, kisha inashuka mwanamume kwa mwanamume mpaka kutufikia sisi. Tangu utotoni nimeisoma kwa fahari. Nilipokwenda Zanzibar na kuingia katika Nyaraka za Taifa, pale Kilimani, nilidhani nakwenda kuithibitisha tu.

Nililolikuta ni wosia wa miaka ya mwisho ya karne ya 19, ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwenye shamba anamwachia suria wake, mama wa mwanawe, mikarafuu thelathini na nyumba ya makuti. Kisheria hakuwa mrithi, ndiyo maana ikabidi aandikiwe wosia. Jina lake ni moja tu, halina la baba wala la kabila. Mwana huyo ndiye aliyemzaa babu yangu.

Nilimpigia simu ami. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, yaliyopita si ndwele."

Namheshimu ami, lakini hapa sikubaliani naye. Kwa sheria yetu wenyewe, mtoto wa suria ni huru na hurithi sawa na nduguze. Mama naye huwa huru bwana wake akifa. Basi nasaba haina doa. Kinachofichwa ni kwamba mama yetu alinunuliwa, na aliyemnunua ni baba yetu.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Amri ya 1897 iliondoa utambuzi wa kisheria wa utumwa, lakini masuria iliwaacha nje, nao wakangoja mpaka 1909. Walikuwa wa mwisho kukumbukwa na sheria. Sisi wajukuu zao hatujawakumbuka mpaka leo.

Najua kwa nini wazee wetu wanaishika shajara kwa nguvu. Mwaka 1964 wengi walitoka Unguja na nguo walizovaa, wakiacha nyumba na maiti wasiowazika. Heshima ya ukoo ndiyo mali pekee iliyowezekana kubebwa. Machungu hayo ni ya kweli, nami nimelelewa nayo. Lakini tukitaka dhuluma tuliyotendewa isisahauliwe, hatuna haki ya kuisahau tuliyoitenda.

Kwa hiyo nawaomba ndugu zangu wa Maskati, Dubai na London: mwendapo kwenye nyaraka kutafuta hati za mashamba na majina ya makabila, msiruke majina yasiyo na ukoo. Na wenye masanduku ya barua na hati majumbani, zipigeni picha kabla ya mchwa, na nakala zipelekeni Kilimani. Huenda barua iliyo chini ya kitanda chako ina jina la bibi ya mtu mwingine.

Jina lake silitaji hapa, kwani ni haki ya jamaa zangu kulisikia kwanza nyumbani. Ila nimeomba kwamba katika khitma ijayo ya wazee wetu nalo lisomwe. Ami hajajibu. Juzi tu ameniuliza, kwa sauti ya chini, linaandikwaje.