Kinyonga Nyumbani: Je, Anamfaa Anayeanza Kufuga?

Likizo ya shule ilipokwisha, kijana wa miaka 12 alirejea kwao Walukuba, mjini Jinja, kutoka kwa babu yake anayeishi kwenye miteremko ya Mlima Elgon, juu ya mji wa Mbale. Njia nzima, kupitia Tirinyi na Iganga, alikuwa amepakata katoni ya sabuni iliyotobolewa matundu. Mama yake aliifungua akidhani wazee wametuma ndizi. Badala ya ndizi alikuta mnyama wa kijani, mwenye kipembe kimoja kifupi puani, anayemtazama kwa jicho moja huku jicho la pili likitazama mlangoni.

Mayowe yaliwaleta majirani. Mmoja alishauri mnyama atiwe mafuta ya taa na kuchomwa moto. Mwingine alisema nyumba nzima ioshwe. Baba aliporudi kazini aliwasikiliza wote, kisha akaamua katoni isiguswe mpaka Jumamosi, ndipo ijulikane kama kijana ataruhusiwa kumfuga kinyonga wake. Ilikuwa Jumanne. Uamuzi huo ulionekana wa busara, lakini siku nne ni nyingi kwa kinyonga aliyefungiwa katika katoni.

Yafaa kwanza hofu iondolewe. Kinyonga hana sumu, si katika meno wala katika ngozi. Akishikwa hujifutua, hufunua kinywa na kutoa sauti ya kukoroma, na pengine atauma kidole, lakini madhara yake ni madogo kuliko ya jogoo mkali. Jina lake baya limetokana na hadithi za kale, zinazosimuliwa na makabila mengi ya Afrika, kwamba yeye ndiye mjumbe aliyechelewa njiani na kifo kikatangulia. Waganda humwita nawolovu, na wako watu wazima wenye elimu ambao hata leo huvuka barabara wakimwona. Mtoto anayemwendea bila woga anastahili sifa, hata kama ombi lake halitakubaliwa.

Na mtoto huyo alikuwa na sababu za kuvutiwa. Kila jicho la kinyonga huzunguka peke yake. Ulimi wake hurefuka kupita urefu wa mwili, ukamnasa mdudu kabla mtazamaji hajapepesa. Vidole vyake vimegawanyika mafungu mawili kama koleo, vikishika tawi pamoja na mkia. Rangi nazo si vazi la kujificha tu, kama ambavyo wengi wameaminishwa. Kinyonga hubadilika zaidi kwa ajili ya joto, hasira, hofu, na kuzungumza na wenzake. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva walieleza kwamba ndani ya ngozi ya kinyonga mmoja wa Madagaska mna chembe ndogo mno za fuwele, ambazo zikisogeleana au kuachana huirudisha nuru kwa rangi tofauti.

Lakini mnyama wa kupendeza macho si lazima awe mwepesi wa kutunzwa. Kijana alimwekea bakuli la maji safi kila asubuhi. Siku ya Alhamisi maji yalikuwa vilevile, na macho ya kinyonga yalikuwa yameanza kudidimia. “Maji yapo, mbona hanywi?” baba aliuliza. Kosa halikuwa la kijana wala la mnyama. Kinyonga kwa kawaida hayatambui maji yaliyotulia bakulini. Yeye hunywa umande na matone ya mvua yanayoteleza juu ya majani. Wafugaji wengi wapya huwapoteza wanyama wao kwa kiu, huku bakuli limejaa. Shangazi wa kijana, aliyekuwa amekuja kuwajulia hali, alikata tawi la mpera lenye majani, akaliweka karibu na kinyonga na kulinyunyizia maji kwa vidole. Ilichukua muda. Kisha kinyonga akafungua kinywa, akanywa tone baada ya tone kwa karibu robo saa, wala hakuna aliyesema neno humo chumbani.

Chakula nacho ni kazi ya kila siku. Kinyonga hula wadudu walio hai: panzi, nyenje, nzi, nondo. Mdudu asiyetikisika humpita kama jiwe. Mende wa jikoni aliyepitiwa na dawa ya kupulizia humletea sumu tumboni. Na kijana anapokuwa darasani hadi alasiri, nani atakayekimbiza panzi majanini? Katika nyumba nyingi jibu linajulikana, naye ni mama, yuleyule aliyepiga mayowe.

Jua ni jambo linalosahauliwa zaidi. Mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho ndiyo inayouwezesha mwili wa kinyonga kutengeneza vitamini D, na bila hiyo hawezi kuyatumia madini ya chokaa yaliyomo katika chakula. Akikaa ndani ya nyumba majuma mengi, mifupa hulainika, miguu hupinda, na taya hulegea hata ulimi usiweze kufanya kazi yake. Mionzi hiyo haipiti vema katika kioo, kwa hiyo kumweka dirishani hakusaidii. Tena asifungiwe katika chupa au sanduku la kioo juani, kwa maana ataiva humo. Huhitaji kizimba cha wavu, chenye matawi, jua la asubuhi na kivuli cha kukimbilia.

Kwa kinyonga huyu wa Walukuba palikuwa na shida moja zaidi. Kipembe chake kilionyesha kuwa ni wa aina ya milimani, ambao hupatikana Elgon na katika nyanda za juu za Kenya. Mwili wake umezoea jua la mchana na baridi kali ya usiku. Jinja, iliyo katika mwinuko wa zaidi kidogo ya mita 1,100 ukingoni mwa ziwa, ina joto la mchana linalokaribia nyuzi 28 au 29, na usiku wake haupoi kama ule wa mlimani. Aina hii huzaa watoto walio hai. Wako kinyonga wengine wa Uganda, wa sehemu za chini, ambao hutaga mayai kwa kuchimba udongo, na jike asiyepata mahali pa kuchimba huweza kufa na mayai tumboni. Anayeanza hawezi kutambua mara moja ni yupi aliye mkononi mwake.

Sheria nayo isisahauliwe. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inaeleza kwamba wanyamapori wa Uganda ni mali ya Serikali kwa niaba ya wananchi, na anayetaka kuwafuga hupaswa kuwa na kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori. Babu wa Mbale hakulijua hilo, na pengine wengi wanaowakamata kinyonga vichakani hawalijui.

Baba alifikiria njia ya mkato, yaani kumwachia mnyama katika ua wa michongoma nyuma ya nyumba. Shangazi alimzuia. Huko Hawaii, mwaka 1972, kinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya waliachiwa katika bustani ya mwenye duka la wanyama ili wapate nguvu baada ya safari. Walienea, na mpaka leo wanakula wadudu na konokono wa visiwa hivyo ambao hawapatikani kwingine. Mgeni wa mlimani akiachiwa Jinja, ama atakufa kwa joto, ama atakuwa tatizo la wengine.

Kijana aliambiwa yote hayo, akalia kidogo, kisha akauliza kama kinyonga wa Jinja wenyewe wanaweza kutazamwa bila kushikwa. Wanaweza. Usiku kinyonga hulala kwenye ncha za matawi, rangi yake ikiwa imepauka, na mwanga wa tochi humfichua upesi. Mtoto mwenye daftari na tochi, akifuatana na mtu mzima, atajifunza mengi kuliko mwenye kizimba.

Jumamosi alfajiri baba na mwana walipanda gari la Mbale. Safari hii katoni ilikuwa na tawi la kushikilia na kitambaa chenye unyevu, na haikuwekwa juani. Juu ya mteremko, katika kichaka kilekile, kijana aliegemeza tawi kwenye majani akangoja. Kinyonga alisimama, akayumbayumba kama afanyavyo, akavuka hatua moja moja. Babu, ambaye hakuwa amejua kwamba katoni yake ya sabuni ilichukua mgeni, alimpa mjukuu wake sungura wawili, na mama aliarifiwa kabla hawajafika nyumbani.