Unajua "a la derecha" lakini "iburyo" hujui? Umepotea mwana!

Kuna dada mmoja wa mjini, jina kapuni, ambaye siku hizi kaamua kuwa Mhispania. Kila asubuhi anatupia video: yuko ndani ya gari, miwani meusi usoni, anawafundisha wafuasi wake kuelekeza njia. "A la derecha", kulia. "A la izquierda", kushoto. "Todo recto", nyoosha tu. Laiki zinamiminika, komenti zimejaa vikopa. Hapo hakuna ubaya.

Ubaya ulianza alipofunga safari ya Kigali na gari lake. Akapita Nyakanazi na Lusahunga kule Biharamulo, akaingia Ngara, Benaco hiyo, mpaka Rusumo. Pale ukishavuka daraja la mto Kagera mambo yanageuka: Tanzania watu wanaendesha kushoto, Rwanda wanaendesha kulia. Usipokuwa makini unaumia.

Inasemekana dada kagonga muhuri fresh kabisa, kavuka. Mbele kidogo, wilaya ya Kirehe, njaa ikauma. Akasimamisha gari, akamuuliza mama muuza ndizi hoteli iko wapi. Mama wa watu akajibu vizuri tu: "Iburyo." Dada akaganda. Kihispania chote kikayeyuka. Akabahatisha kushoto, akakata, mara huyo uso kwa uso na semi inateremka. Breki zikalia mpaka watu wakatoka nje.

Aliyemtuliza ni tandiboi wa lori lililokuwa limepaki jirani, kijana wa Biharamulo. Akampa darasa la dakika moja bila bando: "Dada, iburyo ni kulia, ibumoso ni kushoto. Imbere ni mbele. Ukisikia subira inyuma, rudi ulikotoka. Hagarara, simama hapo hapo."

Sasa utamu uko hapa. Wanaomjua wanasema huyu dada kwao ni Ngara! Kihangaza na Kinyarwanda ni ndugu wa damu, na Kirundi kimo humo humo. Bibi yake angeelewana na yule mama wa ndizi bila jasho. Lakini dada akiulizwa mjini anabinua mdomo: "Mimi kilugha sijui." Alikiona cha kishamba, akakiacha kife, na nusura kimuue.

Watetezi wake wanasema Kihispania ni hela. Kweli, kinaongelewa nchi zaidi ya 20, na waongoza watalii wa Serengeti na Zanzibar wanaokijua wanapata kazi. Ila kwa Afrika, nchi inayokitumia kama lugha rasmi ni moja tu, Guinea ya Ikweta. Kutoka Ngara mpaka huko unavuka Kongo nzima. Rwanda unavuka daraja tu.

Na hela ya barabara ile nayo ni hela. Malori ya Kigali yanapita Rusumo, ya Bujumbura yanapita Kabanga, zote Ngara. Dereva, tandiboi, bodaboda, mama lishe, wakala wa forodha, wote wanakula kwa kuelewana na jirani. Jirani mwenyewe kashasogea: Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Kijana wa Kitanzania anaona noma hata kujua kulia na kushoto kwa lugha ya upande wa pili, tena nyingine ni lugha ya bibi yake.

Dada aendelee na Kihispania chake, siku akifika Madrid kitamfaa. Ila kabla ya video ijayo ampigie bibi simu, aombe maneno kumi tu ya njia. Bibi hatadai laiki.

Vipi mdau, wewe kulia na kushoto kwa kilugha chenu unakujua, au na wewe ni wa "todo recto"? Dondosha komenti hapo chini, usidanganye!