Tuchunge majina ya watoto katika vyeti

Mzazi anayejiandaa kusafiri ng'ambo na watoto wake aghalabu hufikiria nauli na viza kwanza. Kwa maoni yangu, jambo la kutangulia ni jina. Siku hizi kila mtoto, hata aliye mgongoni, hana budi kuwa na pasipoti yake mwenyewe, nayo hutegemea cheti cha kuzaliwa.

Hapa ndipo sisi wanaisimu tuna la kusema. Ng ya ngoma si ng' ya ng'ombe. Kifungua mimba anapoandikishwa, jina la baba huandikwa Ng'ang'a. Mdogo wake huandikiwa Nganga, na wazazi huona ni yale yale. Sivyo. Mbele ya afisa wa uhamiaji, ndugu hao huonekana kuwa na baba wawili.

Kweli, ile mistari miwili ya pasipoti inayosomwa na mashine hukubali herufi za A hadi Z, wala ritifaa haimo. Lakini hiyo ni kanuni ya mashine, si ruhusa ya karani.

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa. Haki hiyo huanza kwa tahajia. Basi mzazi na asome cheti herufi kwa herufi kabla ya kuondoka ofisini; naye mwalimu, anapomsajili mwanafunzi, anakili cheti wala asiandike asikiavyo. Kosa na lirekebishwe kabla ya tikiti kukatwa.